Kukoroma Ukiwa Macho: Koo Baada ya Mpira wa Kupumulia
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Tabaka



Hapa kwenu mchongaji akianza kupumua kwa sauti, watu husema ni vumbi la mawe. Huenda ikawa kweli. Lakini yuko mgonjwa mwingine: yule aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mpira kooni ili mashine imsaidie kupumua, akapona, akarudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye anakoroma akiwa macho. Anapewa dawa ya pumu, hapati nafuu.

Mpira ule una puto dogo linalojazwa hewa ili pumzi ya mashine isivuje. Likibana sana, au likikaa siku nyingi, damu haifiki vizuri kwenye ukuta wa njia ya hewa. Panatokea kidonda, kisha kovu, na kovu hujivuta. Pumu kwa kawaida hulia mtu anapotoa pumzi. Njia iliyobanwa kooni hulia zaidi anapovuta.

Dawa za steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, hupunguza uvimbe. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2007, wagonjwa walioanzishiwa steroidi nusu siku kabla ya mpira kutolewa walivimba koo 3 katika kila 100, wasiopewa, 22. Uvimbe mbichi husikia dawa. Kovu lililokomaa halisikii, hata mtu ameze vidonge mwaka mzima. Hilo hupanuliwa au hukatwa na daktari wa koo, na pengine steroidi hudungwa humo humo kwenye kovu.

Kwa hiyo vidonge hivi si vya kujinunulia dukani. Hupandisha sukari na presha, na hupunguza nguvu za mwili dhidi ya kifua kikuu. Aliyevimeza wiki kadhaa asiviache ghafla. Daktari humpunguzia polepole.

Mgonjwa akifika Hospitali ya Misheni ya Tabaka au Hospitali ya Rufaa ya Kisii, aseme mapema: "Niliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia." Abebe na karatasi aliyopewa alipotoka wodini. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ngozi ya shingo ikiingia ndani anapovuta hewa, asingoje kliniki ya kesho. Apelekwe usiku huo huo.