R Bila Nywila ya Msimamizi: Njia Halali kwa Ofisi za Mashinani



Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Takwimu zake hutoka mashinani. Nakuru ina wadi 55, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 2,162,202. Hesabu za watu wengi hivyo zikinakiliwa kwa mkono kutoka jedwali moja la Excel hadi jingine, safu moja tu ikiruka, wagonjwa wa Subukia huandikwa kwa zahanati ya Kuresoi. Dawa nazo hufuata kosa hilo.

Ndiyo maana maafisa wengi sasa wanataka kutumia R, programu ya takwimu iliyoanzishwa mapema miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. R haina malipo. Hatua zote za hesabu hubaki zimeandikwa katika faili, hivyo mkubwa wa kazi au mwananchi akiuliza jumla ilipatikanaje, jibu lipo na hesabu inaweza kurudiwa.

Kikwazo ni kompyuta ya ofisi. Afisa wa Olenguruone akijaribu kuweka programu, huulizwa nywila ya msimamizi, na msimamizi yuko Nakuru mjini. Baadhi hukata tamaa. Wengine huazima nywila ya mwenzao, na hapo ndipo hatari ilipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakataza kuingia katika mfumo bila idhini na kutoa nywila bila ruhusa. Kufuli hiyo imewekwa kwa sababu: programu yenye virusi ikiwekwa kwa uwezo wa msimamizi, huweza kugusa kompyuta nzima na faili za kila anayeitumia.

Habari njema ni kwamba R haihitaji uwezo huo. Inaweza kukaa ndani ya eneo la mtumiaji mwenyewe. Hatua ni hizi:

Kwanza, ruhusa. Afisa aandikie kitengo cha teknolojia ya habari barua pepe fupi ikitaja programu, toleo, tovuti itakakotoka na kazi inayokusudiwa. Jambo kuwezekana bila nywila si sawa na jambo hilo kuruhusiwa.

Pili, R ipakuliwe kutoka tovuti ya mradi wenyewe, cran.r-project.org, wala si kutoka kwa flashi ya rafiki. Tangu toleo 4.2.0 la mwaka 2022, R ya Windows hufanya kazi kwenye mfumo wa biti 64 pekee, kwa hiyo kompyuta ya zamani ikaguliwe kabla ya kutumia bando bure.

Tatu, wakati wa kuiweka, ichaguliwe folda iliyo chini ya jina la mtumiaji. Folda ya pamoja ya programu, Program Files, ndiyo inayodai nywila.

Nne, vifurushi vya nyongeza. Kifurushi cha readxl, kwa mfano, husoma majedwali ya Excel. R ikikosa ruhusa ya kuandika kwenye maktaba kuu, huuliza kama itengeneze maktaba binafsi ya mtumiaji. Jibu ni ndiyo.

Tano, RStudio, ambayo hurahisisha kuandika na kuona matokeo. Ipo pia kama faili ya zip: hufunguliwa ndani ya folda ya mtumiaji na kuendeshwa kutoka hapo.

Zipo ofisi ambazo kompyuta zake huzuia programu yoyote iliyo nje ya folda ya pamoja. Hapo afisa asitafute mlango wa nyuma. Aombe kitengo kiiweke R mara moja kwa kompyuta zote zinazohitaji. Ombi la idara nzima hueleweka upesi kuliko maombi ya mtu mmoja mmoja.

Wengine watapendekeza R ya mtandaoni, inayofunguka kwenye kivinjari bila kuwekwa popote. Inafaa kujifunzia, na inafaa kwa takwimu zilizokwisha kuchapishwa, kama jumla za sensa. Haifai kwa daftari la kliniki. Majina, nambari za vitambulisho na maradhi ya watu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo pia inaweka masharti ya kupeleka data hizo nje ya Kenya. Seva ya mtandaoni inaweza kuwa popote duniani.

Mwisho, kilichowekwa kwenye eneo la mtumiaji ni jukumu la mtumiaji. Kitengo kikisasisha kompyuta, nakala hiyo huenda isiguswe, basi mwenyewe apakue matoleo mapya. Akihamishiwa kituo kingine, faili za hesabu zibaki kwenye hifadhi ya ofisi, ili anayefuata aendeleze kazi ilipoishia. Mama anayesubiri dawa Keringet hajui R ni nini, lakini atajua kama hesabu ilikuwa sahihi.