TUSIBOMOE NGOME ZA BABU ZETU
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kwa Sadala)



Leo tuzungumze juu ya ngome za zamani. Mtu akisikia neno ngome, hufikiri Kilwa, Unguja au Mombasa. Je, sisi wa mlimani hatukuwa na ngome? Tulikuwa nazo!

Zamani kila umangi ulijitegemea. Machame walikuwa na mangi wao, Kibosho wao, Marangu wao. Wamangi walipigana na kutekana ng'ombe. Wamasai nao walipanda kutoka nyikani. Basi watu wakatafuta njia ya kujilinda.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mangi Horombo wa Keni, huko Rombo, alijenga ngome za mawe. Mangi Sina wa Kibosho naye alikuwa na boma imara la mawe. Wajerumani walipigana vikali kabla ya kulishinda, mwezi Februari 1891.

Wengine walichimba mahandaki. Yapo mpaka leo kule Marangu na Kilema. Mlango wake ni mdogo, lazima uiname. Kwa nini? Adui akiinama, kichwa kinatangulia. Na mlinzi yuko ndani na rungu lake! Ndani mlikuwa na mahali pa watu, pa ng'ombe na pa kupikia, na matundu ya hewa. Udongo waliutupa mtoni, adui asiuone. Hawakuwa na saruji wala tingatinga. Walikuwa na akili na umoja.

Sasa sisi tunafanya nini? Mtu anajenga nyumba, anachukua mawe ya boma kuwa msingi. Shimo likifunguka kihambani, analifukia au analijaza taka. Tunajua kihamba ni kidogo na watoto ni wengi. Lakini jamani, ukuta ukishabomolewa, nani atamwonyesha mjukuu alipopigana babu yake?

Tena iko sheria. Ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ngome na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yanalindwa na sheria hiyo. Si ruhusa mtu kuyaharibu apendavyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukiona ukuta wa kale au handaki, usibomoe, usichimbe. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Pili, usiwaache watoto waingie peke yao, udongo waweza kuporomoka. Tatu, na hili ni kubwa: chukua daftari, nenda kwa mzee. Muulize nani alijenga, nani alijificha humo, pale panaitwaje. Andika.

Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani, alifika Uchagani mwaka 1902. Alikaa na wazee, akaandika habari zao. Vitabu vyake vingi ni vya Kijerumani. Je, mjukuu akitaka habari za babu yake, lazima ajue Kijerumani kwanza?

Zamani tuliweza kusema hatujui kuandika. Leo kalamu tunayo na kusoma tunajua. Wazee wanaokumbuka wamebaki wachache, na mzee hangoji msimu wa kahawa upite. Tuanze wiki hii.