Mgeni Apajue Nyumbani



Nimeombwa kusema machache juu ya wageni wetu watokao nchi za mbali. Naanza kwa kukiri kosa langu. Mgeni wa ng'ambo alinijia, nami kwa kulionea haya paa langu livujalo, nikamlisha hotelini kwa fedha za kukopa. Siku ya kuagana aliniuliza kwa upole, "Na nyumbani kwako ni wapi?" Sikuwa na jibu.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakikiendea chombo kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake, kisha humchukua nyumbani. Naye Nabii Ibrahimu, kama Qurani isimuliavyo, alipojiwa na wageni asiowajua, aliwaendea ahali zake akaleta ndama aliyenona.

Basi ndugu zangu, tandikeni jamvi. Mwulizeni mgeni mapema asichokula, mnawisheni mikono, asiyezoea kula kwa mkono mpeni kijiko. Ugali na mukeke wa Tanganyika vyatosha, kwani deni si ukarimu. Na wanawake wetu wapikao washauriwe kabla mgeni hajaalikwa.

Mgeni wangu yule ameniandikia kwamba atarudi. Inshallah safari hii atakula kwangu, paa livuje au lisivuje.

Wabillahi tawfiq.