Mwanafunzi Asiye na Cheo Katika Utafiti wa Uongozi Vyuoni



Nimeombwa nizungumzie ushiriki wa wanafunzi katika tafiti za dodoso zinazopima namna uongozi unavyokua vyuoni. Nitakaa zaidi kwenye utafiti mmoja ulioanza Marekani mwaka 2006 chini ya John Dugan na Susan Komives, wakiwa Chuo Kikuu cha Maryland. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita Utafiti wa Uongozi wa Vyuo Vingi. Mwaka huo wa kwanza ulihusisha vyuo 52, wanafunzi zaidi ya 50,000 wakajaza dodoso, na tangu hapo umerudiwa mara kadhaa. Nimeuchagua kwa sababu ya jambo moja: namna ulivyowapata watu wa kuwauliza. Hapo ndipo sisi, tunapotaka kupima uongozi katika vyuo vyetu, tunapokosea kabla hata ya swali la kwanza kuandikwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Dodoso la uongozi likienda kwa rais wa serikali ya wanafunzi, mawaziri wake, wabunge na viongozi wa madarasa, likaishia hapo, tutakuwa tumepima vyeo tu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kugombea chochote ana haki ya kuulizwa, na majibu yake yana uzito ule ule.

Utafiti huo wa Marekani haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1966 Alexander Astin alianzisha dodoso la kitaifa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini humo, ambalo baadaye lilihamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleza, ingawa ni ngumu kutekeleza: huwezi kujua chuo kimemjenga mwanafunzi kiasi gani kama hujui aliingia na nini na alikutana na nini akiwa chuoni. Kijana aliyekuwa kaka mkuu sekondari, mzazi wake diwani, akimaliza chuo akiwa msemaji mzuri, chuo hakiwezi kujipigia makofi kwa hilo. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa elimu ya juu cha chuo hicho hicho cha Los Angeles, Astin na mkewe Helen Astin wakiwa mstari wa mbele, kilitoa mwongozo unaoutazama uongozi kama kazi ya watu wengi wanaotafuta mabadiliko kwa faida ya jamii. Ndani yake mna mambo kama kujitambua, kutenda unaloamini, kudumu katika jambo ulilolianza, kushirikiana, kuwa na lengo la pamoja, kutofautiana kwa staha, uraia, na kuyapokea mabadiliko. Cheo hakimo kabisa.

Mwaka 1998 Tracy Tyree, katika tasnifu yake ya udaktari huko Maryland, aliyageuza mawazo hayo kuwa kipimo chenye kauli zaidi ya 100. Baadaye kilipunguzwa hadi kauli 68, na ndicho kilichotumika mwaka 2006.

Tuangalie sasa mwanafunzi anafanya nini hasa anaposhiriki. Anapata ujumbe kwa barua pepe kwamba amechaguliwa. Hakujiandikisha, na hakupendekezwa na mwalimu wake. Katika chuo chenye zaidi ya wanafunzi 4,000, majina yalichaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha yote ya waliosajiliwa. Chuo chenye idadi hiyo au pungufu, wote walialikwa. Akifungua anakuta maelezo ya ridhaa: utafiti unahusu nini, anaweza kukataa, anaweza kuacha katikati. Akikubali anaulizwa habari zake za sekondari, kwa mfano kama aliwahi kuwa katika michezo au klabu, kisha shughuli zake za chuoni, kisha kauli moja baada ya nyingine. Moja inahusu kama anaona raha kusikiliza mawazo yanayopingana na yake. Nyingine inahusu kama wenzake wanaweza kumtegemea amalize alichoahidi. Kila kauli anaiwekea alama kwenye ngazi ya hatua tano, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa.

Kuna sehemu ya dodoso hilo ambayo naomba tuitazame kwa makini zaidi. Mwanafunzi anaombwa akumbuke alivyokuwa kabla ya kuanza chuo, halafu ajibu baadhi ya kauli kwa kutazama nyuma. Mtu atauliza kwa nini wasimuulize siku anaporipoti, kisha wamuulize tena mwaka wa mwisho. Njia hiyo ipo na ina nguvu zake, lakini ina gharama kubwa, na ina kasoro inayojulikana sana na watafiti. Kijana wa mwaka wa kwanza akiulizwa kama anajua kushirikiana na wenzake, anajipa alama ya juu kabisa, kwa kuwa hajawahi kupewa kazi ya kikundi yenye watu saba ambao wawili hawaonekani na mmoja anataka kuamua kila kitu. Miaka mitatu baadaye ameshaonja. Kipimo alichonacho kichwani kimebadilika, sasa anajipa alama ya kati. Ukilinganisha alama hizo mbili utasema chuo kimemharibu, kumbe kimemfundisha. Anapotazama nyuma na kujipima alivyokuwa na alivyo sasa kwa jicho moja, ulinganisho unakuwa wa haki zaidi. Kumbukumbu nayo inadanganya, na watu hupenda kujiona wamepiga hatua, hilo halifichwi. Lakini kwa chuo chenye fedha kidogo, mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko kutopima kabisa.

Kuhusu idadi ya waliojibu, mwaka 2006 walikuwa takriban asilimia 37 ya walioalikwa. Wapo watakaoiona ndogo. Kwa dodoso la mtandaoni lenye maswali mengi kiasi kile, ni kiwango cha kuridhisha, mradi mtafiti aseme wazi ni akina nani waliojibu na akina nani walionyamaza.

Majibu yalionyesha nini? Wanafunzi walijipa alama za juu zaidi katika kudumu na jambo, na za chini zaidi katika kuyapokea mabadiliko. Wanawake waliwazidi wanaume karibu katika kila kipengele cha uwezo. Walipoulizwa wanajiamini kiasi gani kwamba wanaweza kuongoza, wanaume ndio waliokuwa juu. Kila mshauri wa wanafunzi aliyeko hapa amemwona binti anayepanga ratiba ya kikundi, anayefuata saini, anayetunza michango bila shilingi kupotea, na siku ya kuchukua fomu anamsukuma mvulana mbele. Tulikuwa tunalijua kwa macho. Dodoso limetuonyesha kuwa uwezo na kujiamini ni vitu viwili, na kwamba semina ya kuwajengea wanawake uwezo haitoshi ikiwa uwezo tayari wanao.

Kubwa kuliko yote kwangu ni jibu la swali la nini kinachokuza uongozi. Katika uchambuzi wa Dugan na Komives, jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi ni mazungumzo ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe kuhusu tofauti zao: imani, siasa, rangi, hali za maisha, masuala ya haki. Huduma kwa jamii na malezi ya karibu ya mwalimu navyo vilionekana kuwa na mchango. Ila kilichotangulia ni mazungumzo, yale yanayofanyika bwenini na kantini hadi usiku wa manane, ambayo hakuna chuo kinachoyawekea bajeti.

Hapa Dar es Salaam tuna ushahidi wetu wa zamani zaidi. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani waliunda umoja wa kimapinduzi wa Afrika uliojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Uganda. Haukuwa serikali ya wanafunzi. Walikuwa wanafunzi wa nchi mbalimbali wanaosoma na kubishana, wakiwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili. Kutoka kwao likazaliwa jarida la Cheche mwaka 1969, wahariri wake wakiwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Ndilo lililochapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Serikali ikaupiga marufuku umoja huo pamoja na jarida lake mwaka 1970. Zakia Meghji alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha nchini mwetu, na Shivji hahitaji utambulisho katika ukumbi huu. Mtafiti ambaye angefika Mlimani mwaka 1969 na dodoso la viongozi wa serikali ya wanafunzi peke yao angeondoka bila kukutana na duru hiyo.

Nihamie kwenye utekelezaji, maana najua baadhi yenu mnajiandaa kufanya tafiti za namna hii. Tatizo la kwanza ni kiunganishi cha dodoso. Mtafiti anamtumia kiongozi wa darasa, naye anakirusha kwenye grupu la WhatsApp, kutoka hapo kinaenda grupu la bweni, grupu la kwaya na grupu la chama. Baada ya siku mbili hakuna anayejua dodoso limefika wapi. Wanaojibu ni marafiki wa kiongozi na wenye bando. Huo si uteuzi wa nasibu hata kidogo, hata kama majibu ni elfu moja. Ofisi ya msajili inayo orodha kamili. Majina yachaguliwe humo, kila aliyechaguliwa atumiwe kiunganishi chake binafsi kinachotumika mara moja. Na kwa kuwa wengi watajaza kwa simu, dodoso liwe jepesi, au chumba cha kompyuta kifunguliwe jioni kwa ajili yao.

Tatizo la pili ni woga. Ukiweka namba ya usajili juu ya fomu, halafu ukauliza kama uongozi wa chuo unasikiliza wanafunzi, utajibiwa kwa adabu. Mwanafunzi anafikiria mkopo wake, anafikiria matokeo yake, anakumbuka mwenzake aliyesimamishwa baada ya mgomo. Namba inayotumika kumfuatilia asiyejibu itenganishwe na majibu, na ofisi ya chuo isipewe majibu ya mtu mmoja mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na mwanafunzi analindwa nayo kama raia mwingine yeyote. Ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa, na kukataa kusimletee taabu yoyote.

La tatu linaniuma zaidi kuliko hayo mawili. Wanafunzi wetu wamejaza madodoso mengi mno ambayo hawakuwahi kuona matokeo yake. Wanakuja wahadhiri, wanakuja wa shahada ya pili, yanakuja mashirika. Fomu zinakusanywa, ripoti inafungwa kabatini. Mwanafunzi aliyetoa muda wake anadaiwa majibu, naye ndiye wa kwanza kustahili kuyasikia.

Ndugu Mwenyekiti, ninakiomba kila chuo kilichowakilishwa hapa, kabla ya kuanza utafiti wowote wa uongozi, kitenge siku ya kuwarudishia wanafunzi matokeo na kuitaja tarehe hiyo ndani ya dodoso lenyewe. Na ninyi viongozi wa serikali za wanafunzi, mkipata orodha ya walioteuliwa kwa nasibu mkakuta majina yenu hayamo, msiombe yaongezwe. Mtafuteni yule aliyemo, mwambieni ajibu kwa uhuru, kisha mwacheni ajibu peke yake.