Feni Ipunguzwe, Isizimwe

Sisi tunaorekodi vipindi nyumbani kwa kompyuta tulizoziunga wenyewe tunaijua adha ya feni: kila neno lina mvumo nyuma yake. Fundi wa haraka atakushauri uichomoe. Usikubali. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi; likizidi, kompyuta hujizima, na kazi usiyoihifadhi hupotea.

Dawa ni kuidhibiti. Feni yenye waya nne hupokea amri ya mwendo kutoka ubao mkuu. Yenye waya tatu hupunguzwa kwa kushusha umeme wake chini ya volti 12. Iagize izunguke polepole joto likiwa chini, na iongeze kasi joto likipanda. Tena chagua feni pana: ya milimita 120 husukuma hewa ileile ya feni ya milimita 80 bila kukimbia sana, hivyo kelele hupungua.

Lakini hakuna feni inayoweza kuifanya kompyuta iwe baridi kuliko hewa ya chumbani. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari, usiige vipimo vya Ulaya. Pangusa vumbi kwanza, ndipo udai ukimya.

Kwaheri hadi juma lijalo.