MAJARIBIO YA DAWA: MAMBO YAMPASAYO MGONJWA KUYAJUA



Mgonjwa akiambiwa hospitalini kwamba dawa fulani ingali katika majaribio, mara nyingi huingiwa na hofu. Hujiuliza: Je, madaktari wataka kumfanya panya? Mbona jirani yake apewe dawa hii, naye apewe nyingine? Na akikataa, je, atafukuzwa? Maswali hayo si ya kijinga, na kila moja lina jibu lake. Yafaa mtu ayajue majibu hayo kabla hajatia sahihi au dole gumba lake katika karatasi yo yote.

KWA NINI DAWA IJARIBIWE?

Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu mwenye kikohozi aweza kunywa dawa Jumatatu akapona Ijumaa, akaisifu dawa ile, kumbe angalipona vivyo hivyo kama angalikunywa maji matupu. Hata madaktari wenye elimu kubwa wamewahi kudanganyika hivyo. Katika miaka ya 1920, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwapiga wagonjwa wa kifua kikuu sindano za dawa iliyotengenezwa kwa dhahabu, nao waliisifu sana. Mwaka 1931, madaktari wa Detroit, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio dogo. Waliwagawa wagonjwa 24 katika makundi mawili yaliyo sawa, kisha wakarusha sarafu ili kujua ni kundi gani litakalopata dawa. Kundi moja lilipigwa sindano ya dhahabu, na jingine sindano ya maji. Ikaonekana kwamba dhahabu haikuwafaa wagonjwa, bali iliwadhuru. Kama jaribio la namna hiyo lingalifanywa mapema, watu wengi wangaliepushwa na madhara ya bure.

KURA HAINA NDUGU

Dawa iitwayo streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Vita vilipokwisha, Uingereza haikuweza kununua dawa hiyo ya kuwatosha wagonjwa wake wote wa kifua kikuu. Basi Baraza la Utafiti wa Utabibu la nchi hiyo likaamua kwamba kile kidogo kilichopatikana kitumiwe kwa njia itakayouonyesha ukweli. Kuanzia mwaka 1947 wagonjwa 107, ambao hali zao zilikuwa mbaya, waliingizwa katika jaribio. Wagonjwa 55 walipewa dawa huku wakipumzishwa kitandani. 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya matibabu ya siku zile.

Nani aliyechagua wa kupewa dawa? Hakuwa daktari wala muuguzi. Mtaalamu wa takwimu, Austin Bradford Hill, aliupanga mgawanyo kwa nasibu, ukatiwa katika bahasha zilizofungwa. Bahasha haikufunguliwa mpaka mgonjwa alipokwisha kukubaliwa. Sababu yake ni hii. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, huenda akampa dawa kijana mwenye nguvu, ambaye angepona hata bila dawa. Au akamwonea huruma aliye taabani kupita wote. Baadaye hakuna awezaye kujua kama kilichowatenga wagonjwa ni dawa au ni nguvu zao wenyewe. Kura haina ndugu wala rafiki. Tena wale waliozichunguza picha za eksirei hawakuambiwa picha ipi ni ya kundi gani, ili macho yao yasivutwe na matumaini yao.

Baada ya miezi sita, katika wale 55 waliopata dawa, walikuwa wamekufa 4. Katika wale 52 wengine, walikuwa wamekufa 14. Hivyo nguvu ya dawa ilithibitika. Lakini jaribio lilifichua na ubaya pia: wagonjwa wengi walishikwa na kizunguzungu, na baada ya muda vijidudu vya ugonjwa viliizoea dawa, isiweze kuviua tena. Jaribio lililofuata likaonyesha kwamba dawa mbili zikitumiwa pamoja, vijidudu haviwezi kuzizoea kwa urahisi. Ndiyo maana mpaka leo mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa kadhaa pamoja, na kuonywa azimalize zote.

HIARI YA MGONJWA

Hata hivyo jambo moja lilikosekana. Wale 52 hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio. Walilala vitandani wasijue kwamba kulikuwa na bahasha, wala kwamba wenzao walikuwa wakipigwa sindano ya dawa mpya. Kwa desturi ya wakati ule jambo hilo halikuhesabiwa kuwa kosa. Leo haliruhusiwi.

Mwaka huo huo wa 1947, mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, iliwahukumu madaktari waliowatesa na kuwaua wafungwa kwa majaribio wakati wa vita. Mahakama iliandika kanuni kumi, na ya kwanza ni kwamba mtu asijaribiwe pasipo hiari yake mwenyewe. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia, kilipokutana Helsinki, kiliweka maagizo yake juu ya jambo hilo. Siku hizi kila jaribio sharti lipimwe kwanza na kamati ya maadili, ambayo yaweza kulikataa kabla mgonjwa hata mmoja hajaguswa.

MFANO WA AFRIKA

Matunda ya utaratibu huo yameonekana katika chanjo ya malaria. Baada ya kujaribiwa kwanza kwa watu wachache, tangu mwaka 2009 mpaka 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo Kilifi, Siaya na Kombewa; Tanzania ilikuwa navyo Bagamoyo na Korogwe. Wazazi walielezwa habari kabla ya kutoa idhini, na asiyejua kusoma alisomewa mbele ya shahidi. Watoto wa kundi la kulinganishwa hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa makundi yote.

Matokeo yalisemwa bila kutiwa chumvi. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata sindano zote nne walipunguziwa malaria kwa kadiri ya asilimia 36 katika miaka minne. Hiyo si kinga kamili, kwa hiyo chandarua hakiachwi. Tena ilionekana kwamba homa ya uti wa mgongo iliwapata zaidi watoto waliopata chanjo mpya. Habari hiyo haikufichwa. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ilitolewa kwa uangalifu katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, na baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, haikuonekana kwamba ndiyo iliyoleta homa ile. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumiwe.

MASWALI YA KUULIZA

Mtu akiombwa kuingia katika jaribio, au kumwingiza mtoto wake, na aulize haya: Jaribio hili lataka kujua nini? Dawa hii imekwisha kupewa watu wangapi, na iliwadhuru vipi? Nisipoipata, nitapewa matibabu gani? Nikiumia, nani atakayenitibu, na kwa gharama ya nani? Damu yangu itapelekwa wapi, na jina langu litalindwaje? Kamati gani imelikubali jambo hili, nami nitampata nani nikiwa na malalamiko?

Anayo haki ya kujibiwa kwa lugha aijuayo, kwenda na karatasi nyumbani, na kushauriana na jamaa zake. Aweza kukubali leo na kujitoa kesho, wala asinyimwe matibabu yake ya kawaida kwa sababu hiyo. Anayekataa hana kosa. Naye anayekubali, baada ya kuelewa, huwasaidia wagonjwa wasiozaliwa bado, kama wale 107 walivyowasaidia wagonjwa wa leo. Ila yeye afanya hivyo kwa kujua, na wao hawakupewa nafasi hiyo.