Binti Aliyeficha Mishumaa

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Wengi wetu tulisoma usiku, kwa koroboi, baada ya kazi za shamba. Kwa hiyo habari ya leo haitakuwa ngeni sana kwenu, ingawa ilitokea mbali, mjini Paris, Ufaransa. Ni habari ya Sophie Germain, aliyezaliwa mwaka 1776.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, Sophie alikuwa na miaka 13. Nje kulikuwa na ghasia, basi akawa anashinda ndani na vitabu vya baba yake. Katika kitabu kimoja alisoma habari za Archimedes, Mgiriki wa kale. Wanasema mzee huyo alizama katika mchoro wake wa hesabu hata askari wa Kirumi alipomjia hakumjali, akauawa pale pale. Sophie akajiuliza: hesabu ni kitu gani hata mtu asahau kifo? Swali hilo ndilo lililomwanzisha. Hakuna mwalimu aliyemtuma.

Wazazi hawakupenda. Ati hesabu si kazi ya binti! Inasimuliwa kwamba walimnyang'anya mishumaa, wakamzimia moto chumbani, wakachukua na nguo zake, ili baridi imlaze kitandani. Yeye akangoja wote walale, akajifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha. Asubuhi walimkuta amelala mezani, wino umeganda kwa baridi. Hapo wakamwachia. Na tuseme haki: baba yake huyo huyo ndiye aliyemtunza baadaye, akaweza kuendelea na kazi yake bila kuolewa.

Mwaka 1794 chuo kikubwa kilianzishwa Paris. Wanawake hawakuruhusiwa. Sophie akatafuta maandishi ya masomo, akajisomea nyumbani, kisha akampelekea mwalimu Lagrange kazi yake kwa jina la kiume, LeBlanc. Lagrange alipojua ni mwanamke hakukasirika. Alimsifu.

Lakini sisi tunapenda zaidi habari ya mchanga. Mwaka 1808 mtaalamu wa Kijerumani, Chladni, alifika Paris. Alikuwa akinyunyiza mchanga juu ya bamba, kisha anasugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bamba linalia, mchanga unahama, unajipanga kwa mistari mizuri kama mtu ameichora. Kwa nini? Pale bamba linapotikisika, mchanga unafukuzwa. Pale linapotulia, unakusanyika. Hiyo ni rahisi kusema. Kueleza kwa hesabu mistari itakaa wapi, hapo ndipo penye kazi. Chuo cha wataalamu wa Ufaransa kikatangaza zawadi.

Mwaka 1811 likaja jibu moja tu, la Sophie. Wakubwa wengine wote walinyamaza. Jibu likakataliwa, lina makosa. Naam, makosa yalikuwamo kweli, maana alijifundisha mwenyewe na baadhi ya hesabu zilizohitajiwa hakuzijua vizuri. Mwaka 1813 akapeleka tena. Wakamsifu, zawadi hawakutoa. Akapeleka mara ya tatu, na mwaka 1816 akapewa. Siku ya kutoa zawadi yeye hakwenda! Hata jibu hilo la tatu halikuwa kamili, wengine waliliendeleza baadaye.

Jamani akina mama, mnaotuambia hesabu za mizani ya pamba waachiwe wanaume: huyu mwenzenu alikosea mbele ya wataalamu wa nchi nzima, tena kwa maandishi, akarudi.

Alifariki mwaka 1831 kwa saratani ya titi. Mnara mrefu wa chuma wa Paris ulipokamilika mwaka 1889, uliandikwa majina 72 ya wataalamu. Jina la Sophie halikuwamo, ingawa alichunguza jinsi vitu vigumu vinavyopinda na kutikisika, elimu ambayo wajenzi wanaihitaji.

Sasa, tumeleta ngoma na mchanga kidogo. Anayetaka kujaribu, aje hapa mbele.